Mji Uitwao Mashua

Łódź, jina la mji wetu, maana yake mashua,
na mji wenyewe hauna mto.
Kichekesho hicho tunazaliwa nacho. Tunakicheka mara moja,
kisha tunakizoea, kama mtu na harufu ya nyumba yake.

Ila stoo yetu ya chini ya ardhi ilitoka jasho.
Kila Machi viazi vilivaa ukungu mweupe,
na shangazi Wacława akachora kwa chaki, ukutani,
unyevu ulipofika mwaka huo.
"Ni Olszynka," alisema. "Waliuzika ungali hai."
Mwalimu wa historia akasema: lete ushahidi, Bogna.

Jumamosi nikaingia maktaba ya mji na theluji viatuni,
nikiona haya kwa kila alama niliyoacha sakafuni.
"Naomba vitabu vya mito."
Bwana Zenobiusz, sweta imemtoboka kiwikoni, hakucheka.
"Mito yote? Utazeekea humu."
Akanisukumia karatasi na penseli butu.
"Andika swali. Kisha lipunguze.
Lipunguze tena, hadi lipite mlangoni."

Mto.
Mto wa mji wetu.
Ni nani, na mwaka gani, aliufunika mto
upitao chini ya nyumba namba kumi na saba?
"Haya," akasema. "Hilo sasa lina miguu."

Droo za kadi zilikuwa ndefu kuliko mkono wangu,
kadi zimelainika pembeni kwa vidole vya waliotangulia.
Chini ya O, hakuna Olszynka.
Chini ya mto, mito ya nchi za watu.
Nikafunga droo kwa kishindo; mzee mmoja akainua macho gazetini.

Bwana Zenobiusz akaja, akanong'ona:
"Mto ukishachafuka, nani anauita mto?
Tafuta mfereji. Tafuta uvundo, kipindupindu, viwanda vya rangi.
Waulize wale watu kwa maneno yao, si kwa yako."

Mfereji: kadi saba.

Ramani ya kwanza ilifunguka kubwa kama shuka,
na humo mstari wa buluu, mwembamba kama mshipa wa kope,
ukikatiza uani kwetu, pale tunapoanika nguo.
Kisha mikrofilamu. Nikazungusha mpini,
magazeti yakatiririka: koseti, mgomo, mbwa aliyepotea,
mbwa aliyepatikana (nilimfuata huyo kwa nusu saa nzima),
hadi barua ya mama mmoja mfua nguo:
Jumatatu maji ni mekundu, Alhamisi ni ya kijani,
waheshimiwa, niwavishe watoto wangu rangi ipi?
Nikainakili yote, ingawa haikujibu swali langu.

Gazeti lilisema mto ulifunikwa mwaka 1911.
Daftari la halmashauri likasema 1913.
Nikadhani nimeharibu kitu.
"Gazeti liliandika ahadi," akasema Bwana Zenobiusz.
"Karani aliandika malipo. Wewe ungemwamini nani?"
"Mwenye risiti."
"Basi andika wote wawili, na kurasa zao,
ili anayekushuku aje aone mwenyewe."

Risiti ilikuwepo. Matofali elfu arobaini.
Vibarua kumi na wanne, tisa kati yao wakitia msalaba badala ya saini,
na mmoja, Hipolit fulani, alilipwa nusu siku
kwa sababu alitumbukia majini akapelekwa nyumbani.
Mtu wa mwisho kulowa Olszynka, nadhani.
Nadhani: neno hilo nalo nililiandika, nikalipigia mstari.

Nilipata tisa juu ya kumi.
Moja ilikatwa kwa kukosa namba ya ukurasa wa ramani.
Ramani haina ukurasa, nilibisha, na bado nabisha.

Shangazi Wacława alitafuta miwani, akasoma yote
amesimama, koti bado mwilini.
"Elfu arobaini," akasema. "Na bado inavuja."
Kisha tukashuka stoo, mimi na yeye,
tukainua viazi juu ya matofali.